Daftari la bibi kwa herufi za Kiarabu, ninakili vipi?

Wadau, bibi yangu katutoka, hapa Tanga. Chini ya kanga zake nimekuta daftari: Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu. Kurani naisoma, lakini hapa nakwama. Mahali kaandika "nimenunua baba". Kuna pia madeni ya nazi, na majina ya watoto wake waliokufa wachanga. Mmoja hatukuwahi kumsikia.

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Huyo ni papa, samaki. Kiarabu hakina herufi ya p, wazee wengi wakaandika ba. Hata kasra, ile alama ya chini ya herufi, yaweza kuwa i au e, na dhuma, ya juu, u au o. Soma kwa sauti, sikio litakwambia.

Jibu: Piga picha kila ukurasa kwanza, wino wa zamani unafifia. Na usimsahihishe lahaja yake.

Muulizaji: Ahsanteni. Jana nimemsomea shangazi. Kwenye lile jina alinishika mkono, akasema, "Huyo ndiye niliyemfuata mimi." Kisha akaniomba nirudie, polepole.