Swali la Neema na mbuzi wa Desemba

Kikundi: UKOO WETU DAR

[18:55] Godlisten: Habari za jioni wote. Nakumbusha mchango wa safari ya Desemba, elfu thelathini kila kaya. Mbuzi, pombe ya mbege na usafi wa makaburi kule kwetu Machame, Kilimanjaro. Mpaka sasa wametoa wanne tu.

[19:10] Shangazi Ndeshi: Godlisten mwanangu, ya usafi na ya chakula nitatoa. Ya mbege ya kumwagia kaburi sitoi hata shilingi. Nilishasema mwaka jana.

[19:12] Godlisten: Shangazi, ni mbege tu. Marehemu hayupo pale akaja kunywa. Sasa kama hakuna kitu, ubaya uko wapi?

[19:14] Shangazi Ndeshi: Na kama hakuna kitu, mnammwagia nani?

[19:42] Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Samahani naingilia. Neema amerudi kutoka kipaimara analia. Leo walikuwa na amri ya kwanza, "Usiwe na miungu mingine ila mimi." Akanyoosha mkono akauliza: kama Mungu ni mmoja, hiyo mingine ni ipi? Kitu kisichokuwepo kinakatazwaje? Mwalimu wao akamwambia akae chini, hayo ni maswali ya shetani. Darasa zima likacheka.
Nimekaa naye jikoni nakosa la kumwambia. Mwenye jibu anisaidie, nataka nimjibu mtoto usiku huu kabla hajalala.

[19:43] Upendo: Jamani pole yake 😢 Mtoto wa miaka kumi na mbili anaambiwa swali lake ni la shetani?

[19:46] Godlisten: Mbona ndiyo swali letu hili hili la mbege. Neema kaniwahi.

[19:51] Hamisi: Shemeji Mama Neema, mpe pole. Kwetu watoto wa madrasa nao huuliza. Shahada yenyewe inaanza kwa kukana: hapana mungu, ndipo inasema ila Mwenyezi Mungu. Na kwenye sura ya Najm wametajwa Lata, Uzza na Manata, waliokuwa wakiabudiwa na Waarabu, halafu ikaelezwa kwamba hayo ni majina tu waliyoyatoa watu na baba zao. Kwa hiyo jina lipo, mwenye jina hayupo.

[19:53] Mama Neema: Asante shemeji. Hilo la majina atalielewa.

[19:58] Shangazi Ndeshi: Mimi siwezi kusema hawapo kabisa. Paulo kasema wazi, 1 Wakorintho 10:20, vitu wanavyotoa mataifa wanavitoa kwa mashetani. Wapo, ila si Mungu. Ndiyo maana sitaki kusogea.

[20:04] Mzee Mwalimu: (sauti, dakika 3)

[20:06] Frank: Babu shikamoo. Niko kwenye mwendokasi, tumebanana, sauti siisikii. Tafadhali andika.

[20:07] Mzee Mwalimu: Marahaba. Haya, naandika. Mnivumilie, vidole vyangu vizito.

[20:19] Mzee Mwalimu: Mama Neema, kwanza mwambie mtoto hakutenda kosa lolote. Swali lake limo ndani ya Biblia yenyewe. Nilifundisha Kiswahili miaka mingi, na mwanafunzi aliyeuliza kwa nini neno limewekwa pale lilipowekwa, huyo nilijua amesoma. Wengine walikuwa wanakariri.
Pili, amri haisemi "hakuna miungu mingine." Inasema "usiwe na." Kwa Kiebrania maneno ya mwisho ni "mbele ya uso wangu." Watu wale walikuwa wametoka Misri juzi tu, nchi ambayo jua ni mungu na hata mafuriko ya mto ni mungu. Kutoka 12:12 Mungu anasema atafanya hukumu juu ya miungu yote ya Misri. Hakuwapa somo la kuhesabu walioko mbinguni. Aliwaambia: mbele yangu, wewe na nyumba yako, usilete mwingine.

[20:22] Godlisten: Baba, hapo hujajibu. Wapo au hawapo?

[20:23] Mzee Mwalimu: Nafika. Acha niwasimulie kitu kwanza.

[20:34] Mzee Mwalimu: Nilipokuwa mdogo kule Machame, njia ya kwenda mferejini ilipita kwenye kichaka cha matambiko cha ukoo wa jirani. Watoto wote tulikuwa tukifika pale jioni tunachuma jani la isale, mmea wa mila yetu, tunaliweka chini, tunapita mbio bila kugeuka. Hakuna aliyetufundisha, tuliona wakubwa wanafanya. Siku moja baba aliniona. Alikuwa amebatizwa ukubwani, kwa hiyo kichaka kile alikijua kuliko mimi. Akanishika mkono, jani likiwa bado kwenye vidole, akasema, "Hilo usiweke tena." Nikamuuliza, "Kwani wapo humo?" Akasema, "Mimi nakuuliza habari ya jani."
Nililia, maana nilitaka aniambie hawapo ili nisiogope. Hakuniambia. Alinishika mkono tukapita pale taratibu, siku ile na kesho yake na keshokutwa, mpaka siku moja nikagundua nimepita peke yangu nikiwa nafikiria habari nyingine kabisa.
Amri ya kwanza naisoma hivyo. Ndani ya kichaka kulikuwa na nini, hilo ni jambo moja. Lakini hofu yangu ilikuwepo kweli na jani lilikuwepo kweli, na hivyo viwili ndivyo vilivyokatazwa.

[20:36] Upendo: Baba hii hujawahi kutusimulia.

[20:37] Mama Neema: Neema ameisoma mara mbili. Ameacha kulia.

[20:44] Frank: Nimeshuka. Babu, naomba niongeze, maana tumesoma haya chuoni. Kuna jiwe la mfalme Mesha wa Moabu, lilionekana mwaka 1868 pale Dhiban, Jordan, sasa liko makumbusho ya Louvre, Paris. Ni la karne ya tisa KK. Mesha anaandika kwamba Israeli waliwaonea Wamoabu kwa sababu Kemoshi, mungu wao, aliikasirikia nchi yake. Halafu anajisifu kwamba alivichukua vyombo vya BWANA akaviburuta mbele ya Kemoshi. Yaani kila nchi ilizungumza hivyo, mungu wetu na mungu wenu. Hata Yeftha, mwamuzi wa Israeli, katika Waamuzi 11:24 anamwambia mfalme wa Amoni, wewe chukua alichokupa Kemoshi mungu wako, sisi tunachukua alichotupa BWANA.
Na Kumbukumbu la Torati 32:8, pale panaposema mataifa yaligawiwa mipaka kwa hesabu ya "wana wa Israeli," kipande cha kale cha maandiko kilichopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kinasoma "wana wa Mungu."

[20:47] Shangazi Ndeshi: Frank, sasa unataka kusema Biblia ina miungu mingi? Angalia usimharibu mtoto.

[20:49] Frank: Hapana shangazi. Nasema waliokuwa wanasikiliza amri ile waliishi kwenye dunia ambayo kila jirani ana wake. Zaburi ya 82 inasema "katikati ya miungu anahukumu." Siwezi kuifuta.

[20:58] Mzee Mwalimu: Ndeshi dada yangu, Frank hajakosea. Mistari hiyo ipo na tukiificha mtoto ataikuta mwenyewe, tena siku ambayo hatupo karibu. Ila tusiishie hapo. Mbele ya safari maneno yanabadilika. Isaya 45:5, "Mimi ni BWANA, wala hapana mwingine, zaidi yangu mimi hapana Mungu." Hapo hakuna tena "usiwe na." Ni hapana.
Na tazameni linasemwa kwa watu gani. Yerusalemu ilianguka mwaka 586 KK, hekalu likachomwa, watu wakapelekwa Babeli. Kwa hesabu ile ya Mesha, mungu wao alikuwa ameshindwa vita. Wangekuwa na kila sababu ya kuhamia kwa Marduki, mungu wa Babeli. Badala yake ni kwa watu hao hao, waliopoteza kila kitu, kwamba linatangazwa neno hili la kwamba wengine hawapo kabisa. Mshindi kutangaza hivyo ningeelewa. Kwa mateka, kila nikilisoma hunishika koo.

[21:09] Mzee Mwalimu: Someni sura inayofuata, ya 46, ni fupi. Beli na Nebo, miungu wakubwa wa Babeli, wamepakizwa juu ya wanyama. Wanyama wamechoka na mzigo. Sanamu inainama, inakwenda utumwani pamoja na waliokuwa wanaiabudu. Neema ameshaona mkokoteni pale Ilala umezidiwa mzigo, watu wawili wanasukuma kwa nyuma. Mwambie ndivyo Isaya alivyowaona miungu wale: ni wa kubebwa. Halafu mstari wa 3 na wa 4 Mungu anasema, ninyi mmebebwa nami tangu tumboni, na mpaka mtakapoota mvi nitawabeba.
Mimi mvi ninazo. Mstari huo nilimsomea mama yenu wiki ile ya mwisho.

[21:11] Upendo: 😢

[21:12] Godlisten: Nakumbuka baba.

[21:18] Hamisi: Mzee, nimeguswa. Na sisi tuna hoja inayofanana, sura ya Anbiyaa aya ya 22: lau wangekuwemo mbinguni na ardhini miungu wengine, zingefisidika. Yaani ukiitazama dunia jinsi inavyokwenda pamoja, utajua mwenyewe ni mmoja.

[21:24] Mzee Mwalimu: Mkwe wangu, umesema "miungu wengine." Biblia yetu ile ya 1952 inasema "miungu mingine." Sarufi hiyo niliitafakari sana darasani. Mungu akiwa mmoja tunasema yeye, ameumba, anasikia. Wakiwa wengi Biblia inawahesabu pamoja na miti na milima, miti mingine, miungu mingine. Mtume hatumfanyii hivyo, twasema mitume wengine. Sidai wafasiri walikusudia, lakini sikio langu hulisikia. Neno hilo hilo linapoingia kwenye wingi linapoteza nafsi.

[21:26] Mama Neema: Baba hilo nimelipenda mno.

[21:29] Godlisten: Na Ruwa je? Kichaga Ruwa ni Mungu na Ruwa ni jua. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, wamefika Kilimanjaro 1893, wamelikuta jina, wakaliimba kanisani. Bibi yetu alikuwa Aikaruwa, asante Mungu, na akabatizwa nalo. Kabla ya hapo wazee walikuwa wanaabudu mungu mwingine?

[21:37] Mzee Mwalimu: Soma Mwanzo 14. Melkizedeki, mfalme wa Salemu, anambariki Abramu kwa jina la Mungu Aliye juu sana. Abramu hakumwambia, "Huyo ni wako, mimi nina wangu." Muda mfupi baadaye yeye mwenyewe anaapa kwa "BWANA, Mungu Aliye juu sana." Alimtambua. Bibi yako alipoomba alikuwa anamwomba aliyeliumba jua. Jua hakulipigia magoti hata siku moja, nilikaa nyumba moja naye.

[21:45] Shangazi Ndeshi: Kaka, yote nimesoma. Bado mbege sijajibiwa.

[21:56] Mzee Mwalimu: Unajibiwa na Paulo huyo huyo uliyemtaja, sura mbili nyuma. 1 Wakorintho 8. Watu wa Korintho walisema kama Godlisten: sanamu si kitu, Mungu ni mmoja, nyama ni nyama, tule. Paulo anawakubalia, "sanamu si kitu katika ulimwengu." Halafu anasema lakini si wote wenye ujuzi huo. Yupo ndugu ambaye bado moyoni mwake sanamu ni kitu, akikuona unakula, anarudi kulekule. Ikiwa nyama itamkwaza ndugu yangu, sili nyama milele.
Godlisten, wewe ukimwaga mbege unamkumbuka babu yako, najua. Lakini watakuwepo watoto kumi na tano wamesimama pale wanaangalia mkono wako. Mimi nilijifunza lile jani kwa kuangalia.

[22:03] Godlisten: Nimekuelewa baba. Hili la watoto sikuwahi kuliwaza.

[22:05] Godlisten: Basi napendekeza hivi. Makaburi tunasafisha, tunaimba, baba anatusimulia habari za babu. Mbuzi anachinjwa kwa ajili ya chakula, watu wanakula. Mbege ni ya kunywa, anayekunywa. Kumwaga hakuna. Hamisi ndiye achinje ili tule wote, kama kawaida.

[22:07] Hamisi: Nipo. Mniachie na kazi ya kumchagua mbuzi, mwaka jana mlinunua kikongwe.

[22:08] Shangazi Ndeshi: Nimetuma elfu hamsini. Angalia simu yako Godlisten.

[22:09] Godlisten: Imeingia. Asante sana shangazi.

[22:15] Mama Neema: Shikamoo babu, ni mimi Neema natumia simu ya mama. Nimesoma zote. Naomba kuuliza. Jumamosi ijayo tunaendelea na amri ya kwanza. Nikinyoosha mkono tena nikasema hilo la Beli na Nebo kupakizwa juu ya wanyama, mwalimu atakasirika?

[22:21] Mzee Mwalimu: Marahaba mjukuu wangu. Jumamosi nitakuja Tabata asubuhi twende wote. Nitaomba nikae benchi la nyuma. Wewe nyoosha mkono. Na usiku huu soma Isaya 46 yote kwa sauti, mama yako asikie.

[22:22] Mama Neema: Sawa babu. Nimeshaifungua.