Nati ya paipu ya breki imeliwa pembe

Assalamu alaykum. Corolla ya 1998, niko Wete. Nati namba 10 ya gurudumu la nyuma imeganda kwa kutu, spana inateleza tu. Nifanyeje nisiharibu silinda?

— Waalaykum salaam. Weka kando spana ya mdomo. Tafuta spana ya ringi yenye mwanya, inapita kwenye paipu na kukamata pembe karibu zote. Pulizia dawa ya kutu, iache ilale.

— Ikikataa, kata paipu usawa wa nati, ingiza soketi ya pembe 6. Paipu yenyewe chumvi ya bahari imeshaila, ibadilishe. Mdomo wa mpya ukunjwe mara mbili. Wala usikubali fundi akuungie kwa mpira, ndugu yangu, unabeba watoto humo!

— Halafu toa upepo kwenye breki. Mafuta ya breki (DOT 3) yasidondokee rangi ya gari, yanaibabua.