Baba ana uvimbe kwenye figo ya kushoto: je, ni lazima figo yote iondolewe?

Binti wa Tororo anauliza:

Salaamu kwenu nyote. Ninaandika kwa niaba ya baba yangu, mwenye umri wa miaka 61, ambaye aliendesha malori ya mizigo kati ya Malaba na Kampala kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi shambani kwetu. Mwaka jana alianza kukojoa damu. Haikuwa kila siku, wala hakusikia maumivu yoyote: ilitoka siku mbili, ikapotea kwa wiki kadhaa, kisha ikarudi. Kwenye kituo cha afya alichokwenda kwanza aliambiwa kuwa ni kichocho, kwa kuwa alikulia kando ya Ziwa Victoria, akapewa vidonge, na damu ilipokoma sote tukaamini kuwa amepona. Miezi minane baadaye ilirudi ikiwa na mabonge, ndipo tulipompeleka Mbale kupigwa ultrasaundi, na kisha Kampala kwa skani ya CT ile inayopigwa baada ya kuchomwa dawa kwenye mshipa. Majibu yanaonyesha uvimbe wa sentimita 6 katikati ya figo ya kushoto, karibu na pale mishipa mikubwa ya damu inapoingilia. Figo ya kulia ni nzima, na kwenye mapafu hakuna kilichoonekana. Daktari bingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo anasema kuwa kwa sura yake uvimbe huu ni saratani, na anashauri figo yote iondolewe.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Baba mkubwa anashikilia kuwa saratani ikiguswa na kisu husambaa, na anataka ndugu yake apelekwe kwanza kwa mganga wa miti shamba. Kaka yangu anauliza kwa nini hawachukui kinyama wakakipima kabla ya kumpasua mtu. Mimi ninakosa usingizi kwa swali moja tu: mzee wa umri huo, mwenye shinikizo la damu na aliyevuta sigara tangu ujana wake, ataishi vipi na figo moja? Baba mwenyewe ametulia. Ameniambia, "Mwanangu, wewe uliyesoma niulizie, halafu nitaamua mwenyewe." Ninaomba majibu kutoka kwa wanaofahamu.

Muuguzi wa Kampala anajibu:

Dada, poleni sana, na umfikishie mzee salamu zangu. Nimehudumu katika wodi ya upasuaji kwa miaka 17, kwa hiyo nitaeleza ninayoyafahamu, ingawa anayepaswa kusema la mwisho ni daktari aliyeiona skani yenyewe.

Nianze na hofu ya baba mkubwa, kwa kuwa nimeiona ikiwachelewesha wagonjwa wengi mno. Hofu hiyo haikuzuka bure. Watu wamewaona jamaa zao wakipasuliwa na kufariki miezi michache baadaye, wakayaunganisha mambo hayo mawili, ilhali wengi wa wagonjwa hao walifika hospitali saratani ikiwa imekwisha kuingia kwenye mapafu au mifupa. Saratani ya figo ambayo bado imo ndani ya figo hutibiwa hasa kwa kuitoa, na matokeo yake ni mazuri: takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanaogunduliwa katika hali hiyo huwa hai miaka 5 baadaye. Kuhusu kisu kuusambaza ugonjwa, ni vyema mzee ajue jinsi kazi inavyofanywa. Mpasuaji huifikia figo kupitia tumboni au ubavuni, huufunga mshipa unaoipelekea damu na kisha ule unaoirudisha, halafu huitoa figo pamoja na mafuta yanayoizunguka na utando unaoyafunika, vyote vikiwa kitu kimoja, bila kuupasua uvimbe wenyewe. Zamani tezi ndogo inayokaa juu ya figo nayo iliondolewa karibu kila mara. Siku hizi huachwa ikiwa skani haionyeshi dalili mbaya hapo.

Sasa, figo yote au sehemu tu? Uvimbe usiozidi sentimita 7 na ambao haujatoka nje ya figo huhesabiwa kuwa hatua ya kwanza. Ukizidi hapo lakini ukabaki ndani ni hatua ya pili. Ukiingia kwenye mshipa mkuu wa figo, kwenye mafuta ya jirani au kwenye tezi za limfu zilizo karibu ni ya tatu. Ukivuka utando wa nje au kufika viungo vya mbali ni ya nne. Kwa maelezo yako, wa mzee unaelekea kuwa hatua ya kwanza, na hiyo ni habari njema kuliko inavyosikika nyumbani. Uvimbe usiozidi sentimita 4, hasa uliojitokeza pembeni, kwa kawaida hukatwa peke yake na figo ikabaki. Hata wa sentimita 4 hadi 7 inawezekana, ila kazi hiyo mara nyingi hudai mshipa wa damu ubanwe kwa muda, uvimbe uchongwe, kisha figo ishonwe, na yote hayo yakamilike mapema, ikiwezekana ndani ya nusu saa, kwa sababu figo iliyokosa damu kwa muda mrefu huumia. Uvimbe uliokaa katikati, mlangoni kabisa mwa mishipa, mara nyingi hauachi nafasi ya kufanya hivyo kwa usalama. Kwa hiyo ningependa mwende kwa daktari na maswali mawili yaliyoandikwa: kuna nini hasa kwenye skani kinachozuia kuondoa sehemu tu, na je, uvimbe umeingia ndani ya mshipa? Aina hii ya saratani ina tabia ya kutambaa ndani ya mshipa wa figo kuelekea kwenye mshipa mkuu unaorudi moyoni, na jambo hilo likiwepo hubadilisha maandalizi yote ya upasuaji.

Kaka yako ameuliza vizuri kuhusu kinyama. Kwa saratani nyingi kupima kinyama ndilo jambo la kwanza, lakini figo ni tofauti, kwa sababu skani iliyopigwa kwa dawa ya mshipani huonyesha jinsi uvimbe unavyonyonya damu, na uvimbe mgumu wa sentimita 6 unaonyonya dawa hiyo huwa ni saratani kwa uwezekano mkubwa. Hata sindano ikirudi bila seli za saratani, huenda ilichota upande usiokuwa nazo, na daktari angeshauri vilevile utolewe. Kinyama huchukuliwa pale jibu lake linapoweza kubadili tiba, kama vile kwa uvimbe mdogo, ambao takriban 1 kati ya 5 hugundulika kuwa si saratani, au pale ugonjwa unaposhukiwa kuwa umetoka kwenye kiungo kingine. Figo ikishatolewa itapelekwa maabara, na majibu ya huko myadai na kuyatunza, kwani ndiyo yatakayoeleza aina ya saratani na hatua yake kwa uhakika.

Mama wa Gulu anauliza zaidi:

Ninawaombea heri. Mtoto wangu aligunduliwa uvimbe wa figo akiwa na miaka 3, tukapelekwa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, naye alipewa dawa za saratani kwa wiki kadhaa kwanza, uvimbe ukasinyaa, ndipo akatolewa figo. Leo yuko darasa la nne. Kwa nini mzee naye asianze na dawa? Ninauliza kwa nia njema, kwa sababu niliona kwa macho yangu jinsi zilivyosaidia.

Muuguzi wa Kampala anajibu:

Mama, tunamshukuru Mungu kwa huyo mtoto. Ugonjwa wake na wa mzee vimekaa kwenye kiungo kimoja tu, lakini ni saratani mbili tofauti. Ya watoto, iitwayo uvimbe wa Wilms, hutokana na seli changa za figo na husikia sana dawa, ndiyo maana hupunguzwa kwanza. Ya watu wazima kwa sehemu kubwa huanza kwenye vijirija vinavyochuja mkojo, na dawa zile za kawaida za saratani haziifanyi lolote la maana. Hata mionzi ya kawaida haiipunguzi vya kutosha kuchukua nafasi ya upasuaji.

Zipo dawa mpya, na inafaa kujua zilikotoka. Katika aina iliyoenea zaidi ya saratani hii, jeni iitwayo VHL huwa imeharibika, na seli hujiona kana kwamba zimekosa oksijeni hata pale damu inapozifikia vizuri, hivyo huita mishipa mipya ya damu bila kukoma. Hiyo ndiyo sababu uvimbe huu hujaa damu. Wanasayansi William Kaelin, Gregg Semenza na Peter Ratcliffe walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019 kwa kueleza namna seli zinavyoitambua oksijeni, na jeni hiyo ni sehemu ya maelezo hayo. Dawa kama sunitinibu huukata mwito huo wa mishipa, na nyingine huiamsha kinga ya mwili ipambane na saratani. Lakini kazi yao kubwa ni kwa wagonjwa ambao saratani imekwisha kusambaa, au baada ya upasuaji kwa wenye hatari kubwa ya kurudiwa, na bei yake ni mzigo mzito kwa familia nyingi. Mzee ambaye uvimbe wake bado unatoleka asiuache ukue kwa kuzisubiri.

Tabibu wa Lira anajibu:

Ninaomba nizungumzie kile kichocho, si kwa kumlaumu yeyote, bali kwa sababu kosa hili linajirudia. Kichocho kinachopatikana kwa wingi kando ya Ziwa Victoria, Ziwa Albert na Mto Nile ni kile cha matumbo, ambacho huleta damu kwenye choo kikubwa na kuliharibu ini. Kichocho cha kibofu, ambacho hukojoza damu, nchini kwetu kimejulikana hasa huku Lango, kaskazini mwa Ziwa Kyoga. Kwa hiyo mtu aliyekulia Ziwa Victoria akikojoa damu, vidonge vya prazikwanteli, yaani dawa ya kichocho, peke yake si jibu; apimwe mkojo, na apigwe ultrasaundi ya figo na kibofu. Hata huku kwetu, ambako kichocho cha kibofu kipo, mtu mzima simwachi aende na vidonge tu, kwa sababu kichocho hicho chenyewe kikikaa miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu.

Dada, damu ya baba ilikoma yenyewe. Damu ya uvimbe ndivyo ilivyo, hutoka na kukoma, na ule ukimya wake ndio unaomdanganya mgonjwa na anayemtibu. Damu isiyo na maumivu kwa mtu aliyevuka miaka 40, hata ikionekana mara moja tu, itafutiwe chanzo.

Askari mstaafu, Arua, anajibu:

Binti yangu, mimi nilitolewa figo ya kulia miaka 7 iliyopita, nikiwa na miaka 58, kwa ugonjwa huu huu. Mimi pia nilipitia kwanza kwa miti shamba kwa miezi mitano, na ninaijutia kila siku ya miezi hiyo, kwa kuwa niliponea chupuchupu: daktari alisema uvimbe ulikuwa umekaribia mshipa.

Nitakueleza yale ambayo sikuelezwa. Kabla ya upasuaji tulitakiwa tutafute ndugu wa kuchangia damu, kwa hiyo jipangeni mapema. Nilipozinduka nilikuta mpira wa mkojo na mrija mwingine ubavuni unaotoa majimaji, na kukohoa kuliniumiza kuliko kidonda chenyewe, hadi muuguzi aliponifundisha kukumbatia mto kila nilipotaka kukohoa. Siku ya pili walinisimamisha nikatembea hatua chache, na siku ya sita nilikwenda nyumbani. Kwa wiki 6 sikushika jembe wala kubeba jerikeni ya maji.

Kuhusu figo moja, asiogope. Wanaojitolea figo huishi na moja, na Mulago ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2023, aliyetoa alikuwa mtu hai aliyebaki na moja. Figo inayobaki huongeza kazi yake taratibu. Ila inadai heshima. Mimi hunywa dawa ya shinikizo kila siku, hupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha jinsi figo inavyofanya kazi, na hurudi kwa skani kama nilivyopangiwa, mwanzoni kila miezi sita. Sigara niliiacha. Daktari alinikataza diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huku kwetu tunazinunua kwenye duka la dawa kwa maumivu ya mgongo bila kumwuliza mtu, na alinikataza pia dawa za mizizi, kwa kuwa baadhi yake huiumiza figo bila mtu kujua. Mzee mwenzangu asiseme kuwa ana nyingine ya akiba, maana haipo.

Binti wa Tororo anarejea:

Ninawashukuru nyote kutoka moyoni. Tulirudi kwa daktari Alhamisi, na nilimwomba baba mkubwa afuatane nasi. Daktari aliyapokea maswali vizuri, akaiweka skani kwenye mwanga na kutuonyesha: uvimbe umelikumbatia tawi la mshipa unaoingiza damu, kwa hiyo kuuchonga peke yake kungehatarisha maisha ya baba, lakini ndani ya mshipa unaorudisha damu hakuna kitu. Kreatinini yake ni nzuri. Shinikizo lilikuwa juu, kwa hiyo amebadilishiwa dawa na ataangaliwa kwa wiki mbili kabla ya kulazwa. Mzee wa Arua, baba amesomewa maneno yako mara mbili, na sigara zilizobaki amempa kaka azitupe.

Baba mkubwa alikaa kimya muda wote, kisha akauliza swali lake moja, kama kisu kitaugusa uvimbe. Daktari akachora figo kwenye karatasi, akauzungushia mstari kwa nje, mbali kidogo na mafuta, na kumwambia kuwa kisu kitapita hapo. Baba mkubwa aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, na jana alikuwa wa kwanza kuandikisha jina lake kuchangia damu.