Niliwaambia nataka kupumzika MWAKA MMOJA tu, wakanichoma sindano ya uzazi wa mpango na hakuna aliyenieleza ukweli

Wadada naomba mnivumilie, nitaandika kirefu maana hili jambo limenikaa kooni.

Nilienda kliniki mtoto wangu ana mwaka na nusu, nikamwambia nesi wazi kabisa, dada mimi nataka kupumzika mwaka mmoja tu halafu natafuta wa pili. Hakuniuliza chochote, akanipima presha, akasema sindano ndo nzuri hutasumbuka kukumbuka vidonge kila siku, haya geuka. Dakika tano nipo nje nimeshika kadi ya tarehe ya kurudi. Basi. Homoni inayokaa mwilini miezi mitatu, na ikishaingia hakuna wa kuitoa! Kijiti kinatolewa, kitanzi kinatolewa, vidonge unaacha leo leo, ila sindano ukishachomwa ni mpaka iishe yenyewe.

Ya kwanza ikanitoa damu wiki sita. Matone matone, leo ipo kesho haipo keshokutwa imerudi, pedi kila siku, tendo la ndoa hamna. Nikarudi kuuliza naambiwa "ni kawaida". Sawa, nimekuja kujua kweli ni kawaida, na wengi wakifika mwaka hedhi inakata kabisa, lakini kama ni kawaida si mngeniambia KABLA? Mimi nilikuwa silali nawaza kansa. Na kumbe kuna dawa kama ibuprofeni unaweza kupewa kwa siku chache ikapunguza ile damu, hakuna hata aliyenigusia.

Halafu sindano ya tatu nilichelewa siku kumi, nilikuwa msibani. Nikafokewa mbele ya watu kama mtoto, nikarudishwa nyumbani eti nisubiri hedhi ije ndo nichomwe. Hedhi gani jamani wakati sindano yenu yenyewe ndo imeikata?? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema hii ya miezi mitatu ukichelewa hadi wiki 4 unachomwa tu, nimeusoma mwenyewe kwenye simu. Kwa hiyo walitaka nikae bila kinga nishike mimba kwa uzembe wao, mpaka nilipoenda sehemu nyingine nikachomwa.

Sasa kinachoniuma mpaka naandika hapa. Nilichoma nne, mwaka ukaisha, nikaacha kama nilivyopanga. Tangu ya mwisho huu ni mwezi wa tisa, hedhi hamna, mimba hamna. Vipimo vya mimba nimenunua mpaka muuza dawa ananijua. Mume wangu hasemi kitu ila najua anahesabu, mama mkwe yeye anauliza kabisa. Nimelia sana nikijua nimeshajiharibu. Juzi ndo nesi mmoja mtu mzima akanikalisha akaniambia mwanangu hujaharibika, kwa sindano hii uzazi unachelewa kurudi, kwa wastani ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wapo wanaozidi mwaka. Akashangaa, "kwani hawakukwambia?"

HAWAKUNIAMBIA. Mtu amekwambia anataka mtoto baada ya mwaka unampa njia inayochelewesha mtoto kuliko zote na unanyamaza! Ni sentensi moja tu. Ningeisikia ningechagua vidonge au kitanzi, nikiacha nimeacha.

Na wale watakaokuja kusema sindano inaleta ugumba naomba msije, hilo sio lalamiko langu na sio kweli. Inazuia mimba vizuri sana ukiwahi tarehe, na mdogo wangu anaitumia hana shida yoyote, yeye hataki mtoto tena. Hasira yangu ni kwa hao wanaoficha. Nilipomuuliza mmoja kwa nini hamsemi akanijibu wakieleza yote wanawake wataogopa watakimbia. Yaani mimi niliyebeba mimba na kuzaa naonekana siwezi kubeba maelezo ya dakika mbili?? Ndo maana watu wakiona damu wanakimbia kimya kimya na kwenda kutangaza mtaani kwamba inaua kizazi, nani awabishie wakati hakuna aliyewaeleza?

Waliowahi kuacha sindano nisaidieni, ninyi mlikaa miezi mingapi hedhi ikarudi? Na ilirudi yenyewe au kuna dawa mlipewa? Maana mimi hapa hata kulala silali vizuri.