Tupeane uzoefu: ushabiki kati ya wanafikra na wasanii unageukaje uhasama?

Kalamu Kavu
Wakuu, barua za Freud, mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, na Jung, mfuasi wake, zimeniamshia swali hili. Walikutana Vienna Machi 1907, wakazungumza kama saa 13. Januari 1913 Freud akaandika kwamba urafiki wao uishe. Ufa ulishaanza 1909, melini kwenda Marekani. Walikuwa wakifasiriana ndoto, na kwa maelezo ya Jung, Freud akakataa kutoa habari za maisha yake kwa kuogopa kupoteza mamlaka. Mmoja kavuliwa nguo zote, mwenzake kabaki na koti. Waliozama kwenye visa vya namna hii, leteni mnachokijua.

Nyota Asubuhi
Kweli tupu. Na Freud alishamwita mrithi wake. Ukishaitwa mrithi, kila wazo lako jipya linahesabiwa mapinduzi.

Mzee wa Maktaba
Hicho ni kidogo. Someni kisa cha Nietzsche, mwanafalsafa, na Wagner, mtunzi wa muziki, hatua kwa hatua.

Novemba 1868, Leipzig. Nietzsche ana miaka 24, Wagner 55. Wagner kazaliwa 1813, mwaka mmoja na baba yake Nietzsche, na baba huyo alifariki mwanawe hajatimiza miaka 5. Pengo lilikuwepo kabla ya Wagner.

Kisha Tribschen, nyumbani kwa Wagner kando ya ziwa, Lucerne. Nietzsche anatengewa chumba chake. Anatumwa manunuzi ya Krismasi, anasimamia uchapaji wa tawasifu ya Wagner na kusahihisha prufu. Profesa wa chuo kikuu huyo! Hakuona tabu, maana aliyezama kwenye ushabiki huona kutumwa ni kupendwa. Mwaka 1872 akatoa kitabu chake cha kwanza, kikimpigia Wagner debe waziwazi. Wanazuoni wenzake wakamgeuka, wanafunzi wakapotea darasani. Hapo deni likaanza kuhesabiwa kimoyomoyo: nimetoa jina langu, nimepata nini?

Agosti 1874 akaenda Bayreuth, alikohamia Wagner, na nota za Brahms, mtunzi aliyeonekana mpinzani wa Wagner, akaziacha juu ya piano ya mwenyeji. Wagner akawaka. Hatua hii ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Mfuasi ana ladha yake sasa, hathubutu kuitamka, anaacha kitu kiseme kwa niaba yake. Na mkubwa haulizi "umependa nini humu?" Anaona usaliti tu. Mwaka 1876, tamasha la Wagner la Bayreuth likiandaliwa, Nietzsche akaondoka katikati ya mazoezi kichwa kikimuuma. Mwaka 1878 kitabu chake kipya kikafika kwa Wagner, na Agosti ya mwaka huo Wagner akamshambulia kwenye jarida lake bila kumtaja jina. Wagner akafa Februari 1883. Mwaka 1888 Nietzsche bado anaandika vitabu viwili dhidi ya marehemu, na mwaka huohuo anaandika kwamba siku za Tribschen hangeziachia kwa bei yoyote.

Hoja Nzito
Mzee, umeruka barua ya daktari. Oktoba 1877 Wagner alimwandikia daktari wa Nietzsche, akidai macho ya kijana yanaharibika kwa sababu ya kujichua. Nietzsche alikuja kujua. Hilo ndilo tusi lenyewe, falsafa imefuata nyuma.

Mzee wa Maktaba
Tazama tarehe. Brahms 1874, barua 1877. Nyumba imeshaungua, wewe unaniletea kiberiti.

Hoja Nzito
Brahms inaeleza kuachana. Haielezi vitabu viwili juu ya maiti.

Udongo Mwekundu
Jamani, pesa hamjaitaja. Mchoraji Van Gogh alipamba chumba cha mchoraji mwenzake Gauguin pale Arles, Ufaransa, kwa picha za alizeti kabla mgeni hajafika. Gauguin alikuja kwa mpango: Theo, mdogo wake Van Gogh, amlipe faranga 150 kwa mwezi, naye atoe picha moja kila mwezi. Mmoja anangoja ndugu wa roho, mwingine yuko kazini. Oktoba 23 hadi Desemba 23, 1888, karibu wiki 9, ikaishia Van Gogh kujikata sikio. Fanyeni kazi pamoja, laleni nyumba tofauti.

Nyota Asubuhi
Napinga. Umbali ndio unaochonga sanamu. Freud na Jung waliishi miji tofauti, barua zikawapandisha hadi mawinguni. Kaa na mtu, msikie akikoroma, ushabiki utashuka wenyewe taratibu.

Udongo Mwekundu
Van Gogh alimsikia Gauguin akikoroma wiki 9, Nyota.

Kalamu Kavu
Kwa mfuasi: usimtabarukie kitabu chako cha kwanza. Mkitofautiana, mwambie mapema, jambo moja kwa barua moja. Ukirundika matano, atasoma tangazo la vita. Kwa mkubwa: usimtume sokoni mtu unayetaka akukosoe, na neno mrithi usilitamke mbele za watu.

Mshumaa
La sokoni naliunga mkono.

Hoja Nzito
Mzee, 1888 bado hujaijibu.