Mtuma tipsi kwa barua pepe alipwe kwa hasara ya msomaji wake?

MLETA MADA
Wakuu, naleta hoja tuichambue bila kuzungukana. Kuna biashara ya mtandaoni inayouzwa sana Uingereza, ambayo Waswahili walioko huko nao wanashawishiwa waingie. Unakusanya anwani za barua pepe, unatuma tipsi, yaani ushauri wa nini cha kubetia, za masoko ya kubadilishana dau kama Betfair au Smarkets, ambako watu hubeti wao kwa wao, na chini ya barua unaweka kiungo cha kampuni ya kubeti. Msomaji akifungua akaunti kupitia kiungo hicho, unalipwa kwa njia moja kati ya mbili: kiasi kimoja kwa kila mteja mpya, au asilimia ya kile kinachobaki kwa kampuni kutoka kwake kila mwezi.

Hiyo ya pili ndiyo ugomvi wangu. Kinachobaki kwa kampuni ni hasara ya mteja. Msomaji wako akishinda mwezi huo, wewe hupati kitu, na ipo mikataba inayokubebesha salio hasi mpaka mwezi unaofuata. Mtu anayelipwa hivyo hawezi kutoa tipsi kwa moyo safi. Nasema mkataba wa namna hiyo upigwe marufuku kwa kila anayetoa tipsi, awe mkubwa au mdogo.

MPIGA HESABU
Mkuu, hoja yako ina nguvu kwa kampuni za kawaida za kubeti. Soko la kubadilishana dau haliendi hivyo. Tangu Andrew Black na Edward Wray waanzishe Betfair mwaka 2000, mpango ni huu: mmoja anabeki, yaani anaweka dau kwamba farasi atashinda, mwenzake analei, yaani anakaa upande ambao zamani ulikuwa wa kampuni, na kusema hatashinda. Wakikutana kwenye odi, yaani bei inayosema dau litarudi mara ngapi likishinda, dau limefungwa. Mwenye soko hukata kamisheni kwenye faida ya aliyeshinda, mara nyingi kati ya 2% na 5%. Anayelipwa sehemu ya kamisheni hiyo anategemea wingi wa mzunguko, hategemei hasara ya mtu.

Uongo uko ndani ya barua yenyewe. Tipsi inayouzika kuliko zote ni ya kulei farasi wenye odi kubwa, kwa sababu unashinda karibu kila siku. Tuipigie hesabu. Ukilei £10 kwenye odi 8.00, soko linashikilia £70 za akaunti yako, yaani (8.00 − 1) × 10. Farasi akishindwa, unapata £10, kamisheni ya 5% inatoka, zinabaki £9.50. Akishinda, £70 zimekwenda. Kama odi hiyo ni ya haki, yaani inalingana na uwezekano halisi, farasi atashindwa mara 87.5 katika 100. Ili wewe utoke sare, anatakiwa ashindwe zaidi ya mara 88. Pengo hilo dogo linakula wastani wa peni 44 kwa kila dau, sawa na £44 kwa madau 100, na hapo sijaweka ukweli kwamba bei ya kulei huwa juu kidogo ya bei ya kubeki.

Sasa angalia kwa nini watu wanaamini. Uwezekano wa tipsi kumi za kwanza kuwa sahihi zote ni 26%. Mtu akifungua orodha nne zenye tipsi tofauti, ni jambo la kawaida moja kati yake ikaona ushindi kumi mfululizo. Hiyo moja ndiyo anayoipiga picha na kuitumia kuuza "mfumo" wake.

DADA WA BARUA PEPE
Kaka Mpiga Hesabu, umeacha ujanja mbaya zaidi, ambao programu yoyote ya kutuma barua pepe inauwezesha kwa dakika tano: kuigawa orodha. Una watu 8,000. Nusu unawaambia timu A itashinda, nusu unawaambia haitashinda. Waliopata jibu la uongo unawaacha, waliobaki unawagawa tena. Baada ya mara tano kuna watu 250 ambao hawajaona ukikosea hata mara moja. Hao ndio wanaotumiwa bei ya £97 kwa mwezi. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kugundua, kwa sababu haoni barua aliyotumiwa mwenzake.

Kwa hiyo mimi sianzii kwenye mkataba wa malipo, naanzia kwenye kumbukumbu. Kila tipsi ichapishwe mahali pa wazi kabla mchezo haujaanza, ikiwa na saa, odi iliyokuwepo na kiasi kilichokuwa kinapatikana sokoni. Hilo la mwisho watu hulipuuza. Tipsi ya odi 6.00 iliyotumwa kwa watu 3,000 wakati sokoni kuna £40 tu kwenye bei hiyo ni tipsi ya watu wanne, kila mmoja akiweka £10. Wengine wote watakuta 5.50 au 5.20, ilhali mtumaji ataandika kwenye rekodi yake kwamba wameshinda kwa 6.00.

Na wanaodhani kuokota anwani popote ni mtaji, wajue mlango umebana. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa wawe na SPF, DKIM na DMARC kwenye domeni yao, yaani mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kwao kweli, na kitufe cha kujitoa kwa mbofyo mmoja. Kwa Gmail, mkubwa ni anayefikisha barua 5,000 kwa siku. Malalamiko ya taka yanatakiwa yasifike 0.3%, na mwenye busara hukaa chini ya 0.1%. Kwenye orodha ya 10,000, watu 30 wakibonyeza "taka" umeshaanza kuzama. Orodha ya kununua hufika hapo kwa barua ya kwanza, tena imejaa anwani za mitego zisizokuwa na mtu nyuma yake. Mailchimp nayo inakataza maudhui ya kamari katika sheria zake za matumizi, kwa hiyo akaunti inaweza kufungwa na orodha yote ikiwa ndani. Pakua nakala ya orodha kila wiki.

MTETEZI WA BETI ZA BURE
Naomba tusiwachome wote kwenye moto mmoja. Kuna barua zinazofundisha kitu kinachohesabika: kuichukua ofa ya kampuni na kuifunika kwenye soko la kubadilishana, yaani kulei huko timu ileile uliyoibeki kwa kampuni. Mfano, kampuni inakupa beti ya bure ya £30 ambayo dau lake halirudi. Unaiweka kwenye odi 5.00. Sokoni odi ya kulei ni 5.20, kamisheni 2%. Kiasi cha kulei ni (5.00 − 1) × 30 ÷ (5.20 − 0.02) = £23.17, na soko litashikilia £97.31. Timu ikishinda: £120 kutoka kampuni, toa £97.31, unabaki na £22.69. Ikishindwa: £23.17 toa 2%, unabaki na £22.71. Matokeo hayana kazi tena.

Yanayoharibu ni haya. Mtu anabonyeza kubeki badala ya kulei, anajikuta na dau maradufu. Au kulei kunafungwa nusu, odi inapanda, anabaki wazi. Kwenye tenisi, mchezaji akijitoa katikati, huku wanalipa na kule wanarudisha dau, kwa hiyo soma kanuni za pande zote mbili kabla. Akaunti ya kampuni itawekewa kikomo mapema, na ofa zikiisha kazi imeisha. Ndiyo maana siiiti kipato, naiita mavuno ya mara moja. Ila mwandishi wa barua kama hizo anamfaa msomaji, na marufuku yako Mleta Mada itamkata naye.

MLETA MADA
Ndugu, huyo naye analipwa na nani? Kiungo chake ni cha kampuni ileile, na msomaji akishaimaliza ofa anabaki na akaunti iliyo wazi na simu mkononi. Mwandishi anajua kwamba sehemu ya watu wake wataendelea kubeti bila kufunika, na mkataba wa asilimia unamlipa kwa hao tu.

Uingereza yenyewe imeona tatizo. Mwenye leseni anawajibika kwa makosa ya wanaomtangazia, na kampuni ya kubeti ya Sky Bet ilifunga kabisa mpango wake wa mawakala, yaani watuma viungo kama hawa, mwaka 2017. Tangu 1 Mei 2025 mteja wa kampuni zenye leseni huko anachagua aina ya mchezo anayotaka kutangaziwa na njia ya kutangaziwa, iwe barua pepe, SMS au simu. Vizuri. Lakini aliyejifungia kwa GAMSTOP, huduma ya mtu kujizuia mwenyewe kubeti mtandaoni, ambayo kampuni zote za mtandaoni zenye leseni zililazimika kujiunga nayo kufikia 31 Machi 2020, jina lake halifutiki lenyewe kwenye orodha ya mtu binafsi. Anaamka asubuhi anakuta tipsi.

MCHANGIAJI WA NAIROBI
Kwa upande wa Kenya kuna ukuta ambao hamjautaja. Mwaka 2023 ushuru ulifikishwa 12.5% ya kila dau. Soko la kubadilishana haliwezi kuishi hapo, kwa sababu anayefanya biashara ya bei, yaani kubeki na kulei kadiri odi inavyobadilika, hugeuza pesa ileile mara nyingi kwa faida ya 1% au 2%. Sheria ya fedha ya 2025 iliuhamishia ushuru kwenye pesa inayowekwa, 5%, na kuna 5% nyingine wakati wa kutoa. Sasa mlango umefunguka kidogo, na hapo ndipo wauzaji wa tipsi watakapoingia. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 tunayo, Tanzania wana ya kwao ya 2022, na kutumia anwani ya mtu bila ridhaa yake ni kosa pande zote mbili. Tuanze na hilo kabla ya kubishana mikataba.

DADA WA BARUA PEPE
Nirudi kwenye marufuku. Ukiondoa asilimia, wote watahamia malipo ya mteja mpya, na hayo yana ubaya wake: mtumaji anafaidika kila msomaji anapofungua akaunti nyingine. Badala ya kampuni moja, atamsukuma kwenye kumi na tano. Mimi napendekeza ada ya tangazo isiyobadilika, kama gazeti linavyouza ukurasa, na itajwe juu ya barua.

MPIGA HESABU
Ada hiyo itapanguliwa ndani ya miezi mitatu, dada. Kampuni inaona kila kiungo kimeleta nani na amepoteza kiasi gani. Orodha yenye wapotezaji wengi itaongezewa ada mkataba ukiisha, na tutakuwa tumerudi kwenye asilimia kwa jina jingine. Mkataba uwe wa mwaka mzima, bei ipangwe kwa idadi ya wasomaji tu, na kampuni izuiwe kumpa mtumaji takwimu za hasara za watu wake. Bila sharti hilo la tatu, mawili ya kwanza sitayaunga mkono.