Fundi wa chini ya mparachichi ananiuliza MIMI "lile la kuchinja lilikuwa lipi?"

Kitunguu Maji (mleta mada)

Wakuu, mkiona herufi zimerukana mjue ni hasira. Nimetoka gereji sasa hivi, kwa miguu. KWA MIGUU. Mtu mwenye magari mawili.

Jina simtaji, na sina haja. Yeyote aliyewahi kumiliki Land Cruiser kuanzia Karatu mpaka Arusha anamjua: yule wa chini ya mparachichi, ovaroli lilikuwa la bluu enzi za Mkapa, kila siku "njoo kesho saa nne". Eeh, huyo huyo. Usijifanye humjui, na wewe hela yako kaila.

Nina pikapu ya Land Cruiser, HZJ75 ya mwaka 1993. Kavu kabisa. Vioo vya kuzungusha, siti ya rexine inayobanika mapaja saa saba mchana, AC ni dirisha. Saa ya kilomita ilifia 487,000, na tangu ife gari limeshakwenda Mang'ola kwenye vitunguu na kurudi mara zisizo na idadi. Injini 1HZ, silinda sita, haina turbo, haina kompyuta, haina makuu. Inanibebea vitunguu, inanisomeshea watoto. Shida yake moja tu: ukiijaza magunia, kile kipande cha kupandisha kuja Karatu inapanda kama bibi kwenye ngazi za hospitali. Punda ananipita. Tena ananipita huku ananiangalia.

Nikajichanga, nikanunua shangingi lililopinduka, zile Land Cruiser 80 za miaka ya tisini. Paa limekaa kama chapati lakini moyo mzima: 1HD-T, turbo ya kutoka nayo kiwandani. Ukubwa ni ule ule wa 1HZ, cc 4,200 kasoro kidogo, ila hii farasi 165 na yangu 135. Na raha yake, inafunga kwenye gia boksi ya 1HZ bila ugomvi. Nimelinunua kama skrepa, halina kadi, sikulihitaji kadi. Lilikuja kufa.

Mpango angeuelewa mtoto wa darasa la pili. Toa injini ya shangingi, weka kwenye pikapu. Siti za shangingi, weka kwenye pikapu. Kinachobaki kipime kilo, wauzie wa vyuma chakavu. Nikamwandikia kwenye karatasi. Nikamchorea magari mawili. Nikachora na MSHALE. Mshale unatoka kwenye shangingi unaingia kwenye pikapu, nikaukoleza mara mbili kwa kalamu nyekundu.

Wiki tatu za kesho saa nne. Leo nimeingia pale bila kupiga simu.

Naliona shangingi linang'aa. Paa limenyooshwa, limepigwa rangi, unajiona meno. Limevaa matairi yangu mapya ya pikapu, maana yote mawili ni nati sita na shetani akitaka jambo lake hakosi spana. Limevaa betri zangu. Limevaa mpaka kile kikamba chekundu nilichofunga kwenye kioo nisipatwe na husuda.

Pikapu iko juu ya mawe. Haina boneti. Nikachungulia pale panapokaa injini, kuku ametaga. Wallahi mayai mawili. Gia boksi imeegemezwa kwenye mti, imefunikwa gunia, na gunia lenyewe langu la vitunguu.

Yeye kakaa kwenye siti ya pikapu yangu, kaisogeza kivulini, anakula makande. Hakusimama. Hata kijiko hakikusimama. Nikamwambia, "Fundi, hii nini?" Akatafuna. Akaliangalia shangingi. Akaiangalia pikapu. Akatafuna tena. Halafu akaniuliza kwa upole, kama daktari anayekuuliza kidonda kina siku ngapi:

"Bosi, kwani lile la kuchinja lilikuwa lipi?"

Wakuu. LILE LA KUCHINJA LILIKUWA LIPI. Na karatasi yangu yenye mshale ipo hapo hapo, kaifunikia bakuli la makande nzi wasiingie!

Namuuliza injini yangu iko wapi. "Ile ilishapata mtu wa Babati, bosi, ilikuwa nzuri sana." Ananisifia injini yangu! Eti vijana wake walibaki peke yao, yeye alikwenda msibani Tanga, wakaona pikapu imechoka na shangingi ni gari la heshima, wakatumia akili. Halafu: "Sasa bosi unalalamika nini, si tumekupandisha cheo?"

Kwa hiyo leo nina kadi isiyo na gari na gari lisilo na kadi. Namba ya injini iliyo kwenye kadi yangu inakula upepo Babati. Shangingi nikilitoa barabarani, trafiki wa kwanza ananilaza ndani. Na vitunguu vinaninyeshewa shambani.

Lakini hayo yote ningemeza. Ninachoshindwa kumeza ni kile kijiko. Mtu kakuulia gari, anakuuliza lipi la kuchinja, na kijiko kinaendelea kwenda mdomoni!

Bushi Mbovu

Bila picha hii ni chai, umetunga.

Siti ya Mbele

Chai hata kama ni chai, mimi nimeshavuta kigoda. Endelea mkuu, kuku yuko salama?

Kitunguu Maji

Picha hizo hapo mbili. Ya kwanza pikapu juu ya mawe, ya pili hilo zimwi linalong'aa. Kijiko sikuwahi kukipiga.

Bushi Mbovu

Aisee. Nafuta kauli. Ila mkuu, hilo paa limenyooshwa na huyo huyo? Halina hata wimbi. Naomba namba ya fundi, nina Prado imelaliwa na mti.

Mtoto wa Njiro

Na mimi nipe PM.

Kitunguu Maji

Nyie watu mna akili kweli? Mimi nalia mnaniomba namba?

Dizeli Kavu

Mleta mada, kosa ni lako. Mtu ana 1HZ inayotembea, anatafuta turbo ya nini? Ile injini unaibadilishia taiming belti kila kilomita laki moja, oili safi, inakuzika. Hizo 1HD-T za mwanzo mwanzo, za mwaka 1990 mpaka 1995, ugonjwa wao ni beringi za konrodi. Hazikuagi. Unapanda nazo mlima unaimba, unasikia ko, ko, ko, umeshatoboa bloku. Ulinunua beringi mpya kabla hujaipeleka? Kama hukununua, fundi kakuokoa.

Kitunguu Maji

Nilinunua. Seti nzima. Nazo kazifunga kwenye shangingi.

Dizeli Kavu

Basi shangingi liko vizuri.

Kamba ya Turbo

Ungefunga turbo kwenye 1HZ yako hiyo hiyo, mchezo ukaishia hapo. Jirani yangu anayo, inapanda kama imetukanwa.

Dizeli Kavu

Mwongo wewe. 1HZ inaanza kuchoma mafuta ndani ya vile vichumba vilivyo kwenye hedi, siyo juu ya pistoni kama 1HD-T. Ukiisukumia upepo bila kujua unachofanya, joto linakusanyika pale pale, hedi inachanika. Jirani yako muulize ameshabadilisha hedi ngapi. Usimuulize mkewe akiwepo.

Kamba ya Turbo

Mbili. Lakini inapanda.

Landi Haifi

Ndiyo maana sisi wa Land Rover tunalala usingizi. Mimi 110 yangu naweza kuiacha gereji yoyote mwezi mzima, funguo juu ya dashibodi. Hakuna atakayethubutu kuuza injini yake mpaka Babati.

Siti ya Mbele

Haiwezi kufika Babati hata ikiwa imebebwa.

Landi Haifi

Nimekusoma. Tutakutana masika.

Mzee wa Tope

Mleta mada, angalia upande wa pili. Ulikuwa unashuka kwenye tope kufunga loki za matairi ya mbele kwa mkono, suruali inachafuka. Hilo shangingi linavuta matairi yote manne muda wote, hushuki. Ukiingia Mang'ola watakuita mheshimiwa. Magunia panga kwenye siti za nyuma, uyafunge mikanda.

Bushi Mbovu

Mheshimiwa Kitunguu! Dereva akufungulie mlango, gunia ndilo litangulie kushuka.

Kitunguu Maji

Chekeni. Siku akiwauliza nyie lile la kuchinja lilikuwa lipi ndiyo mtajua. Akatafuna TENA, wakuu. Mara mbili. Kati ya kutafuna kwa kwanza na kwa pili mtu angeweza kusali rozari.

Msafiri wa Nairobi

Pole boss. Hata huku ni hivyo. Mimi nilipeleka Pajero yangu kurekebishwa breki, nikatoka kununua spea, nikakuta duka la tatu linauza saiti mira zinafanana sana na zangu. Nikafurahi, nikanunua, maana zangu zilikuwa zimekwaruzwa kidogo. Kufika gereji gari halina saiti mira. Nilikuwa nimezishika mkononi.

Siti ya Mbele

Hahahaha ulilipa bei gani?

Msafiri wa Nairobi

Nilipunguziwa. Jamaa aliniambia ni mteja mzuri.

Mama Ubarikio

Mafundi wote mama yao mmoja. Wa magari mna afadhali, gari litakuwa wapi, lipo nje linaonekana. Mimi wa cherehani! Nilimpelekea kitenge doti nzima, cha kuvaa ubarikio wa mwanangu. Kila nikienda anapima mabega upya. Siku ya sherehe hakipo tayari, nimevaa gauni la mwaka juzi linanibana kwapa. Naingia ukumbini, nani kakaa meza ya mbele? Mke wa fundi. Kavaa kitenge changu.

Mtoto wa Njiro

WEWE!

Mama Ubarikio

Mshono nilioutaka mimi. Shingo ile ile niliyomwonyesha kwenye simu. Na kilimkaa, ndicho kilichoniuma.

Siti ya Mbele

Ngoja nihamishe kigoda. Ulimwambia nini?

Mama Ubarikio

Alinikumbatia. Akasema "mama Ubarikio hongera, umependeza".

Bushi Mbovu

Hii imeshinda ya kijiko.

Kitunguu Maji

Haijashinda! Kitenge kinavulika! Injini yangu inapumulia kwenye gari la mtu Babati!

Dizeli Kavu

Mama, mke wa fundi alijua au hakujua? Hapo ndipo kesi ilipo.

Mama Ubarikio

Alijua nini asijue? Kitambaa nilikinunua naye. Tulikwenda sokoni pamoja!

Kamba ya Turbo

Nimepaliwa na chai.

Mzee wa Tope

Wangu wa sofa alinichukulia oda ya viti vitatu. Akaleta viwili na stuli. Nikamuuliza cha tatu, akasema stuli ukiiegemeza ukutani inakuwa kiti.

Landi Haifi

Hapo hajakosea.

Msafiri wa Nairobi

Mama, rudi kidogo. Hiyo siku ulimaliza sherehe ama ulitoka?

Mama Ubarikio

Nitoke niache kuku wangu? Nilikaa. Nikacheza naye mpaka saa sita usiku. Kesho yake asubuhi nikaenda kwa fundi na mkasi.

Siti ya Mbele

Mkasi wa nini mama?

Kitunguu Maji

Jamani naomba turudi kwenye mada. Amenipigia simu muda huu. Anasema yule wa Babati yuko tayari kuirudisha ile injini, lakini anataka kubadilishana na ya shangingi. Nifanyeje?

Mtoto wa Njiro

Mkuu subiri kidogo. Mama Ubarikio, mkasi wa nini?